Mkeka wa Ruthi Mnadani

Nyie mnaojisifia mapenzi ya kutumiana maua kwenye simu, sogeeni pembeni kwanza, apite mwanamume. Ernesti wa Ushongo, mzaliwa wa kambi ya mkonge, alikwenda Vita vya Kagera kijana mbichi, akarudi na sikio moja tu linalosikia, na hajapata kumwomba mtu amshangilie. Mabomu hayakumtisha huyo. Aliyemtisha ni Ruthi.

Ruthi ni Mbondei, sauti ya kwanza ya kwaya ya Kilutheri mpaka leo, na ulimi wake hauna breki. Kabla ya vita walipendana kwa kujificha nyuma ya kanisa. Ernesti hakumwambia mchungaji, hakumwambia mzazi. Gari la jeshi likamchukua hivyo hivyo. Ruthi akaanza kusuka ukili wa mkeka mpana, akaweka nadhiri kwamba Ernesti akirudi hai, mkeka ule ni wa Bwana. Kisha zikafika habari kuwa kijana amekufa. Ukili ukaviringishwa, ukapandishwa darini juu ya moshi wa jiko, na Ruthi akaolewa na mwanamume mwema aliyejitokeza mbele za watu. Ernesti alipotua na begi lake la jeshi, alimkuta ana mtoto mgongoni. Akasema, "Hongera, dada," akageuka. Naye baadaye akaoa, akazika mke, kama Ruthi alivyozika mume.

Mwaka huu akajikaza, akamfuata Ruthi uani, akamkuta anakuna nazi.

"Ruthi, tuoane."

"Umengoja meno yaishe ndiyo useme?"

"Yaliyobaki yanatosha."

Ruthi akaendelea kukuna. "Ule mkeka niliokuwekea nadhiri ukienda vitani nimeumalizia, nimeushona. Siwezi kukupa, ni wa Mungu. Jumapili ya mavuno nautoa sadaka, utanadiwa. Anayenitaka asimame autake, watu wote wamwone. Ukichukuliwa na mwingine, basi nimeshajibiwa."

Huku kwetu sadaka za mavuno hunadiwa uwanjani baada ya ibada, na anayenunua hutaja anayempa zawadi. Hata majirani Waislamu huja, maana mnada ni mnada. Ndipo shujaa wetu akafanya ujanja wake wa kijinga. Akampa pesa zake rafiki yake Uweso, mvuvi na mtani wake wa siku zote.

"Wewe panda nao bei mpaka mwisho, usimwachie mtu. Mimi nitakaa nyuma."

"Umepigana vita, unaogopa mkeka?"

"Panda tu, Uweso."

Jumapili ikafika. Mnadi alikuwa Abrahamu, mzee wa kanisa. Alipoukunjua ule mkeka, watu wakanyoosha shingo. Nusu yake ilikuwa ya hudhurungi, imeiva kwa moshi wa miaka yote ile; nusu ya pili ukindu mpya, unang'aa. Nyuma ya magunia ya muhogo, Ernesti akachungulia.

Innocent, meneja wa hoteli moja ya ufukweni, aliutaka autundike ukutani wageni waupige picha. Akapanda, Uweso akapanda. Wakavutana mpaka Innocent akatikisa kichwa, akarudi kwenye gari lake.

"Uweso, mara ya kwanza," akasema Abrahamu.

Ernesti akatabasamu mafichoni. Kisha akamtazama Ruthi. Ruthi hakuwa anautazama mkeka tena. Alikuwa amefunga kitabu chake cha nyimbo, anakaza kanga kiunoni, anageuka kwenda zake.

"Mara ya pili."

Hapo ndipo jambo lilipomwingia akilini. Watu wanamwona Uweso. Yeye bado yuko nyuma ya kanisa, kama ujanani.

"Naongeza," akasema Ernesti, akisimama.

Uweso ni mtu wa kutimiza alichoagizwa. "Na mimi naongeza."

"Uweso, nyamaza."

"Si ulinipa pesa zako ukaniambia nisimwachie mtu?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Abrahamu akavua miwani. "Mzee Ernesti, unashindana na mfuko wako mwenyewe?"

"Nashindana na uoga wangu," akasema, sauti kubwa ya mtu wa sikio moja. "Nautaka huo mkeka. Na aliyeusuka namtaka. Nilipaswa kusema kabla sijapanda gari la jeshi."

Ruthi alikuwa amesimama, mgongo kwao.

"Umeuzwa," akasema Abrahamu taratibu. "Zawadi kwa nani?"

"Namrudishia mwenyewe. Nusu."

Ruthi akageuka. "Nusu ipi?"

"Mpya yako. Hiyo ya moshi nitailalia mimi, maana ni mimi niliyeichelewesha."

Ruthi akaja polepole, akainama, akashika ncha ya upande mpya.

"Shika na kwako huko," akasema, "unaburuta mchangani."

Wakaubeba wawili, katikati ya watu, moja kwa moja mpaka kwa mchungaji, kuomba ndoa yao itangazwe.