Kadi ya Kuonyeshea Nyumba ya Ruhuwiko

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na ofisi yangu ni chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi Msamala. Zamani mteja aliridhika na karatasi. Siku hizi anataka kuiona nyumba kwenye kompyuta, aizungushe, aingie ndani kama ameshahamia. Mashine yangu ilikuwa ikikwama, kwa hiyo mume wangu alipoona mtu wa Dar es Salaam anauza kadi kubwa ya grafiki iliyotumika, ile inayoichorea kompyuta picha zake, tukaiagiza, ikaja kwa basi.

Mume wangu aliipenda kwa ukubwa wake. Ilikuwa na feni tatu na iliingia ndani ya kompyuta kwa shida. Pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, tuliiacha ileile ya zamani.

"Si inawaka?" alisema. Nami nikakubali.

Wiki hiyo akaja muuguzi mstaafu anayejenga Ruhuwiko. Mumewe alipata kiharusi na sasa anatembelea kiti cha magurudumu. Nyumba wanayoishi ina ngazi mlangoni. Nikamwamkia, nikamvutia kiti, nikafungua mchoro. Sebuleni tulipita vizuri. Nilipowasha jua la ndani ya mchoro ili aone mwanga wa asubuhi ukiingia jikoni, kompyuta ikazimika. Nikaiwasha, ikazimika tena palepale.

"Nyumba yangu imekwenda wapi, mwanangu?" aliuliza kwa utulivu.

"Ipo, mama. Mashine ndiyo imechoka."

"Basi nitarudi ikishapumzika."

Alipoondoka nikatafuta kadi ile inakula umeme kiasi gani. Peke yake ilikuwa inakaribia kumaliza uwezo wote wa pawa saplai yetu. Mume wangu akataka tununue pawa saplai kubwa. Mimi nikasema nyumba ya vyumba vitatu haihitaji kadi ya namna ile. Tulibishana siku kadhaa, hata wakati wa kula.

"Wewe ndiye unayekaa mbele ya mashine," alisema mwishowe. Akaiuza kwa mtu wa magemu. Tukachukua kadi ya wastani, na pawa saplai mpya inayoitosha na kubakiza.

Muuguzi akarudi na mumewe kwa bajaji. Safari hii jua liliwaka, mashine ikatulia. Nilikuwa nimechora kiti cha magurudumu kwa vipimo vya kile alichokalia mzee, tukakipitisha koridoni. Kwenye kona ya bafu kikagoma kugeuka, nikausogeza ukuta. Mzee, ambaye maneno yanamtoka kwa shida, akanyoosha kidole kwenye dirisha la chumba cha kulala.

"Chini," alisema.

Mkewe akanieleza kwamba akiwa amekaa, dirisha lile lingemwonyesha anga tu. Nikalishusha, kisha tukatazama nje kutoka kimo cha kiti: uwanja, na kipande cha barabara wanakopita watu. Akaitikia kwa kichwa.

Sasa kuta zimefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. Fundi alinipigia kulalamika kwamba dirisha moja haliko sawa na mengine. Nikamwambia ajenge kama lilivyochorwa.