Ila Niliyoikatia Simu

Kuhamisha kanzidata kwenda kwenye seva mpya si kazi ya mtu mwenye haraka, nami haraka nimezaliwa nayo. Kila kompyuta ina kiendeshi chake, programu ndogo inayoiwezesha kuzungumza na kanzidata, nacho hutegemea maktaba za programu, yaani mafaili saidizi yaliyo chini yake. Kikiwa cha zamani mno, seva inakikataa na ofisi nzima inakaa kimya. Ndiyo maana kabla ya kuhama unakagua mashine moja baada ya nyingine. Nilimwapia bosi wangu pale Dodoma kwamba nimezikagua zote.

Ofisi ya Chamwino nilikwenda mwenyewe. Chimwaga pia. Kolo ni mbali, huko Kondoa, na siku hiyo njaa ilikuwa inaniuma, nikapiga simu. Aliyepokea ni mama anayetunza daftari la wakulima wa mbegu za ruzuku, mkubwa kuliko mama yangu mzazi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wa huko hawajambo?”

“Hawajambo. Mashine yako inaendeleaje? Ile namba ya toleo la kiendeshi niliyokutumia umeiona?”

“Mashine nzuri, tunamshukuru Mungu. Namba nimeiona.”

“Haya mama, asante sana.” Nikakata, nikaweka tiki, nikaenda kula ugali na mlenda.

Nimekulia hukuhuku, nilijua vizuri kwamba kwetu habari huanza kwa kuwa nzuri. Hata upepo uking'oa paa, utaambiwa tu wazima, watoto wazima, ng'ombe wazima, ila paa halipo. Ujumbe wenyewe unakaa nyuma ya neno “ila”. Ukikata simu kabla yake, hujaambiwa kitu.

Jumatatu tukahama. Ndiyo siku Kolo walikuwa wanagawa mbegu, na mawingu yalishatanda juu ya vilima. Jina lisipoonekana kwenye mfumo, mfuko hautoki, na mkulima asiye na mbegu mvua ya kwanza ikinyesha ameanza mwaka vibaya. Saa tatu asubuhi mama akapiga. Tulisalimiana mpaka jasho likanitoka, maana safari hii nilisubiri.

“Tuko salama, wakulima wamefika, foleni nzuri,” alisema. “Ila mashine haifungui. Na ile ila ya juzi ulinikatia, mwanangu. Namba niliiona kwenye ujumbe wako. Kwenye mashine haikuwepo.”

Nilimweleza bosi ukweli. Akanipa gari na dereva nikarekebishe mwenyewe. Dereva alinihubiria njia nzima kwamba haraka haraka haina baraka, huku anakimbiza gari hadi nikashika kiti.

Kolo niliwakuta watu wamekalia magunia matupu, wanapiga soga. Hakuna aliyeninunia, na hapo ndipo nilipoona aibu kwelikweli. Mashine ilikuwa kuukuu; kiendeshi kipya kilikataa mpaka nilipobadilisha maktaba mbili za chini yake. Mwishowe majina yakatokea kwenye kioo.

“Imekubali?” mama akauliza.

“Nzuri, mama. Majina yote yapo.”

Nikafunga mkoba. Mama hakuondoka. Alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani.

“Nasikiliza,” alisema.

Nikarudi kwenye mashine, nikajaribu kuandika kwamba mkulima wa kwanza amepokea mfuko wake. Kusoma ilisoma, kuandika ikagoma.

“Ila haiandiki,” nikasema.

“Haya. Sasa umenipa habari.”

Nikarekebisha na hilo, mfuko wa kwanza ukatoka saa tisa alasiri, wa mwisho ukatoka matone yakianza kugonga bati. Mama akanimiminia chai, akaniuliza habari za nyumbani kwetu.

“Nzuri, mama,” nikamjibu. Akaweka birika chini, akanisubiri. “Ila mama yangu naye huwa namkatia simu hivihivi.”