Mtungi Uliooshwa kwa Sabuni

Siku hiyo nyumbani tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, mdogo wetu wa kike aliyekuwa amefunga shule, na baba mkubwa, aliyepanda kutoka Endasak kuangalia shamba.

Mvua zilikuwa zimeanza na hatukuwa na maksai. Baba mkubwa alikuwa ameshasema: shamba lisipolimwa kufikia Jumamosi, atalikodisha. Hatukuwa na shamba jingine. Majirani wenye maksai huja kulima ukiwapikia pombe, kwa hiyo tulitegemea mtungi wa mama, uliofukiwa hadi shingoni kwenye sakafu ya jiko. Nilitolewa shule darasa la tano, wazazi walipofariki, na kazi ya mama nikaishika mimi.

Nilifunua mtungi. Kimya. Pombe iliyoshika hutoa povu, ukiinama unaisikia. Hii ilinuka unga uliolowa.

Baba mkubwa akachungulia. "Huu ni uji. Waambie wenye maksai waje na vijiko."

Mdogo wangu wa kiume akacheka. Wa kike hakucheka.

"Dada, niliuosha," akasema. "Kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Ulikuwa mweusi ndani, nikasema nikusaidie."

Mama aliusuuza kwa maji baridi tu, nami nilimfuata bila kuuliza. Sasa mdogo wangu alinieleza huku akilia: kwenye vitundu vya udongo ule waliishi bakteria wa aina nyingi, pamoja na hamira. Wao ndio walioleta uchachu na kuwazuia wale wanaoozesha. Kila upishi uliacha humo watoto wao wa kuanzisha upishi unaofuata.

"Nimewaua wote," akasema.

"Futa uso," nikamwambia. "Kimea kimebaki, kisage."

Nikapanda bodaboda hadi Gehandu, kwa bibi mmoja ambaye zamani mama alimpa machicha ya pombe yetu ya kuanzia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kafa?"

Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini. "Sabuni! Mngeupaka na mafuta ya nywele!"

Kisha akakwangua chini ya mtungi wake, akanijazia kibuyu. Nikamuuliza nimpe nini.

"Sitaki hela. Mtungi wangu una ufa. Ukivunjika nitanunua mpya, na mpya hauchachushi vizuri mpaka upikiwe mara nyingi. Utakuja na machicha yako, utakaa hapa unipikie mpaka ushike."

"Nitakuja, bibi."

Nilikifunga kibuyu tumboni kwa khanga, upepo wa mlimani usikipoze. Njiani kizibo kiliruka kikampiga dereva kisogoni.

"Dada, umebeba bomu?"

"Endesha, kaka. Wako hai."

Ijumaa mtungi ulitoa povu. Jumamosi maksai walikuja, na jua lilipopinda shamba lote lilikuwa limegeuzwa. Baba mkubwa alikunywa kata mbili, akafuta ndevu, akasema, "Haya, pandeni." Habari ya kukodisha hakuigusa tena.

Bibi ameuziba ule ufa kwa nta na mtungi wake bado unafanya kazi. Kila msimu napika, hata kama ni kidogo, na wadogo zangu wote wawili wanajua kwamba akiniita nitaondoka na kukaa huko muda wowote utakaohitajika. Hajaniita bado.