Mabilinganya ya Bibi na Nyongo Nyeusi

Mwaka niliokuwa kidato cha tatu, mabilinganya yalipigwa marufuku nyumbani kwetu Singida mjini. Ikafuata nyama ya ng'ombe, kisha dengu, kisha kabichi. Baba, ambaye asipoona nyama ya ng'ombe huhesabu hajala, alinuna wiki nzima, lakini amri ilikuwa ya mama yake, na mama yake habishiwi.

Mgonjwa nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeacha kulala, kula, hata kuchana nywele. Shuleni waliita uvivu. Mama, Mnyiramba wa Misigiri asiyejua kukaa bure, alisema ni simu, akaninyang'anya. Nikamwachia bila hata kubisha, na hilo ndilo lililomtisha. Salamu zetu nazo hazisaidii. Ukiulizwa hujambo, unajibu sijambo, hata kama ndani unateketea. Nilijibu sijambo miezi na miezi.

Bibi alikuwa na namna yake ya kuuliza. Ni mzaliwa wa pwani, aliletwa huku na biashara ya marehemu babu, akaja na tiba ya wazee wake. Kila mtu, anasema, ana nyongo nyeusi, sauda, inayokaa kwenye bandama, chini ya mbavu za kushoto. Ikizidi, mtu huingiwa na majonzi yasiyo na msiba. Mabilinganya, dengu na ng'ombe huizidisha. Asali, zabibu na supu ya kuku huipunguza. Kuku wa Singida wanasifiwa nchi nzima, lakini kwa supu niliyonyweshwa mwaka ule, niliona haya hata kuwatazama wale wa uani.

Kila alasiri, akishaswali, alinilaza mkekani, akanipaka mafuta ya alizeti ya uvuguvugu, akabonyeza chini ya mbavu.

"Hapa pazito, mke mwenzangu?"

"Hapana, bibi."

"Muongo we."

Kesho yake tena. Nilikereka, nikasonya kimoyomoyo. Lakini tangu asubuhi nilikuwa nikiungoja ule mkono.

Siku moja nikajibu. "Pazito, bibi. Natamani nikilala nisiamke."

Mkono wake haukuondoka. Kisha akamwita mama kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Mwanangu, epua hilo sufuria. Tunakwenda hospitali. Sasa hivi."

Nilishangaa. Nilidhani angeongeza asali.

Daktari, dada mmoja aliyekuwa na mafua, alizungumza nami kwa muda mrefu, kisha akawaambia kwamba ni sonona, ugonjwa kama magonjwa mengine, na una tiba: mazungumzo, na dawa ikibidi. Bibi alimsikiliza amekunja uso, halafu akaanza kumweleza habari za nyongo. Nilitamani ardhi ipasuke. Daktari hakucheka. Alisema matabibu wa kale wa Kiyunani na wa Kiarabu waliamini hivyohivyo, kwamba majonzi ya namna ile ni ugonjwa, si uvivu wala ukaidi. Habari ya nyongo imeachwa, akasema, lakini hilo jingine walilipatia.

Bibi akawa anavutavuta ncha ya mtandio.

"Daktari, niambie kweli. Ni mabilinganya yangu? Mimi ndiye niliyemzoesha. Tangu hajaota meno namlisha kwa mkono wangu huu."

Kumbe! Muda wote ule alikuwa akijihukumu. Amri iliyomnunisha baba haikuwa ubabe, ilikuwa hofu.

"Si mabilinganya, bibi," daktari alisema. Bibi akalia kwa kwikwi, mama naye akalia, mimi nikabaki nawatazama. Niliwahurumia sana. Ilikuwa zamani tangu nihisi kitu chochote kwa ajili ya mtu.

Sikupona siku ile. Kliniki nimekwenda sana, na hadi leo kuna siku nzuri na siku za kujikokota. Juzi nilipika bilinganya mwenyewe, la nazi, kama alivyonifundisha. Bibi aliitazama sahani, akasogea, akapeleka mkono chini ya mbavu zangu.

"Hapa pazito?"

Sijambo ilikuwa tayari mdomoni. Nikaimeza.

"Leo pazito kidogo, bibi."

"Haya, tule," akasema, akamega tonge kwa mkono wa kulia. Wa kushoto hakuuondoa.