Mgonjwa Mwenzake Mume Wangu

Mimi ni fundi cherehani, na macho yangu humpima mtu kabla mdomo haujamsalimu. Kwa hiyo siku ile niliporudi na chupa ya maji nikamkuta baba watoto kwenye benchi la kliniki anacheka na mwanamke, nilimpima yule mwanamke kuanzia mabegani hadi kwenye pindo. Gauni la maua, limefumuliwa ubavu wa kushoto na kuongezwa kitambaa cha rangi nyingine, tena kwa mshono wa ovyo. Meno yote nje. Nikasema moyoni, makubwa haya!

Mnielewe jamani. Tangu daktari atamke saratani ya utumbo mpana, mume wangu alikuwa hajacheka nyumbani. Huyu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa utani, hapiti mtu mbele ya karakana yake bila kuchokozwa. Sasa nikimuuliza umeshindaje, "Salama." Unaumwa? "Hapana." Kitandani ananigeuzia mgongo, na shuka amejiviringisha lote. Operesheni nayo ameikataa. Daktari alimweleza kwamba watakata kipande cha utumbo, na choo kitakuwa kinatokea kwenye mfuko ubavuni, pengine kwa miezi, pengine maisha yake yote. Akajibu kwamba bora afe na heshima yake. Akapewa hadi Jumatatu afikirie, tukaonywa kwamba ugonjwa wenyewe hausubiri mtu. Nimembembeleza, nimelia, nimemletea kaka zangu wamsemeshe, wapi!

Ndipo simu zikaanza. Ikiita tu, anatoka nayo uani. Nikitokea na beseni la nguo, anakata. Nikachungulia jina: Mama Mkaa.

"Nani huyu?"

"Mgonjwa mwenzangu tu. Anauza mkaa."

"Mkaa wa nini? Sisi si tunapikia gesi?"

Akaichukua simu yake, akatoka tena uani. Nilishikwa na wivu, siufichi, wivu wa kunikosesha hata usingizi wa mchana. Nilikuwa na oda ya sare za shule, na sketi moja nikaitia zipu juu chini, nikaifumua, nikaitia tena vile vile. Sikudhani kwamba wanalala pamoja, mwili wenyewe wa kufanyia hayo anao? Kilichoniuma ni maneno. Maneno yake yalikuwa yangu miaka yote, mabaya kwa mazuri, na sasa mimi napewa "salama", mwenzangu anapewa yaliyobaki.

Ijumaa nikafunika cherehani, nikaulizia kliniki, nikamfuata huko huko anakouzia. Nilimkuta ni yule yule wa kwenye benchi, na gauni lake la maua, anajaza mkaa kwenye debe, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

"Wewe ndiye Mama Mkaa?"

"Ndiye mimi. Debe au gunia?"

"Nataka mume wangu."

Wateja wakageuka. Yeye akacheka hadi akajishika ubavu. "Ala, kumbe wewe ndiye fundi cherehani! Karibu, mke mwenza. Keti."

"Sikuja kukaa. Mnaongea nini na mume wangu?"

Akamhudumia wa mwisho, akanivuta nyuma ya magunia, akapandisha gauni. Mfuko ulikuwa pale ubavuni kushoto, umebandikwa kwenye ngozi, msafi, mdogo kuliko nilivyouwaza. Aliongeza kitambaa ili gauni lisiubane. Niliona aibu kwa jinsi nilivyolicheka gauni lile, lakini wivu haukutoka.

"Mumeo haniulizi kama panauma," akasema. "Haniulizi habari za chakula wala za kisu cha daktari. Kila akipiga swali ni moja. Eti mume wangu, baada ya mfuko huu, aliendelea kulala na mimi kitanda kimoja?"

Nikakaa juu ya gunia na sketi yangu nyeupe.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia aliendelea. Tena hata kuhamia upande wa pili wa kitanda hakuhamia. Kila akiuliza namjibu hivyo hivyo. Jana ndipo akaniambia Jumatatu ataenda kukatwa."

Jana! Mimi niliyemzalia watoto sijui lolote, muuza mkaa ameshaambiwa. Nilitaka kufurahi, na nilifurahi, lakini wivu nao ukanipanda upya. Nikaona mwanamke huyu kapewa kila kitu, siri za mume wangu na mume wa kwake asiyemwonea kinyaa.

"Basi una bahati," nikamwambia, na kinyongo kilisikika. "Wanaume kama huyo wako ni wachache. Mshukuru sana."

Akateremsha gauni, akajipangusa mikono kwenye kanga yake, taratibu.

"Yule aliondoka wiki ile ile niliyotoka hospitali," akasema. "Nimemdanganya mumeo, dada. Sasa wewe usije ukaniumbua."