Kilima Walichokiita Pusan

Linet alikuwa akipiga pasi majoho ya kwaya katika chumba cha nyuma cha kanisa, mjini Migori, Mchungaji Mayaka alipoingia bila kubisha. Hakuwa mtu wa kuingia bila kubisha. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akayatazama makaa ya pasi badala ya kumtazama yeye.

"Dada Linet, wamepiga simu kutoka hospitali ya Homa Bay."

Linet alimalizia kola aliyokuwa ameianza, akaiweka pasi juu ya bati lake.

"Ni Gordon," akasema.

"Ni Gordon. Homa imemshinda. Bwana amempumzisha leo asubuhi."

"Nani alikuwa naye?"

"Baba yenu mkubwa, Mzee Japheth. Ametuma neno kwamba Roseline afunge vyombo. Jumatano anakuja kumchukua, yeye na watoto."

Kwa hiyo Linet alifiwa na kusikia hukumu kwa mpigo mmoja. Kufunga vyombo maana yake ilikuwa wazi kwa Mjaluo yeyote. Gordon angezikwa Mbita, walikozaliwa, na mjane wake na watoto wangehamia huko kukaa karibu na kaburi. Nyumba ya kilimani, aliyoijenga kwa miaka minne, ingeachiwa popo.

Aliketi juu ya benchi la kwaya. Mchungaji akaketi kando yake, wakaomba. Kisha Linet akazima makaa kwa maji, akafunga mlango, akaenda kumwambia wifi yake, Roseline.

*

Gordon alikuwa kaka yake mkubwa na fundi wa injini za boti. Toka Mbita hadi Homa Bay hakukuwa na ufuo ambao hakuwahi kuinamia injini ya mtu. Roseline alizoea kusema kwamba hakuolewa na mwanamume bali na pampu ya petroli, maana hata mto wa kitandani ulinuka hivyo. Gordon alikuwa mnyamavu kazini na msemaji nyumbani, na alicheka kabla ya kumaliza mzaha wake mwenyewe, kiasi kwamba mara nyingi watu walicheka bila kujua wanachekea nini.

Mwaka wa 1993 chuo cha ufundi cha kanisa kilipata nafasi ya kupeleka mafundi Korea kwa miezi sita wakajifunze injini kubwa. Gordon akawa mmoja wao. Walimpeleka Pusan, mji wa bandari ambao alisema ungeweza kumeza Kisumu na usisikie shibe.

Aliporudi alikuja na picha. Kulikuwa na ufuo wa Haeundae wenye mahoteli, na mnara, na hekalu kando ya mlima. Hizo alizipitisha haraka mikononi mwa watu kama mtu anayemenya karanga.

"Hizo ni za wageni," alikuwa akisema. "Walitupeleka kwa basi, tukapigwa picha, tukarudishwa. Haya, sasa niwapeleke Pusan yenyewe."

Hapo watoto walisogea, maana Pusan yenyewe haikuwa na picha hata moja. Aliichora kwa mikono.

Kwanza aliwavusha daraja hadi kisiwa cha Yeongdo. Nyuma ya karakana za meli kulikuwa na mtaa ambao mchana kutwa ulilia nyundo. Waliozigonga walikuwa wanawake watu wazima, vitambaa kichwani, wameketi juu ya mbao zilizoning'inizwa kwa kamba ubavuni mwa meli, wakibandua kutu. "Kama jua kali ya hapa Migori," alisema, "ila wote ni akina mama." Kwa sababu ya kelele hizo masikio yao yalikuwa mazito, na hata salamu walitoa kwa kupiga kelele. Gordon aliigiza salamu hiyo mpaka jirani akaja kuuliza kuna ugomvi gani.

Kisha aliwapitisha uchochoro wa Bosu-dong, wenye vitabu vikuukuu vilivyopangwa kutoka sakafuni hadi darini, ambako mzee mmoja aliweza kuchomoa cha chini kabisa na rundo lisianguke. Toka hapo akawapandisha Gamcheon. Nyumba zake ndogo zilipanda mlima ngazi kwa ngazi, moja nyuma ya nyingine, na hakuna aliyejenga juu kiasi cha kumzibia jirani wa nyuma asione bahari.

"Serikali iliwalazimisha?" Linet aliwahi kumwuliza.

"Hapana. Waliona aibu tu kumzibia mwenzao. Na unajua, yule mwalimu wetu wa injini alizaliwa mji huohuo na hakuwahi kupanda kule. Aliniuliza mimi, mtu wa Mbita, kukoje."

Mwisho, sauti yake ikishuka, aliwafikisha Ami-dong.

Mama mmoja kati ya wale wa nyundo alikuwa akihangaika na gunia la mchele. Gordon alilibeba, akamfuata kwake, akipanda ngazi zisizoisha. Yeye alimwita *halmoni*, yaani nyanya, kama wote walivyomwita. Karibu na mlango wake Gordon alitazama chini, akaona kidato alichokuwa karibu kukikanyaga kina maandishi. Lilikuwa jiwe la kaburi. Msingi wa nyumba ulikuwa mawe ya makaburi, na ukuta wa jirani pia. Mguu wake ukabaki hewani. Mjaluo hakanyagi kaburi la mtu asiyemjua.

Mwanafunzi mwenzake aliyejua Kiingereza ndiye aliyewatafsiria. Wakati wa vita vya Korea, halmoni alieleza, watu walikimbilia Pusan hadi mji ukajaa. Mahali palipobaki palikuwa makaburi ya Wajapani waliowahi kuwatawala, na Wajapani wenyewe walikuwa wamekwisha kurudi kwao. Kwa hiyo walijenga humo.

"Wafu hawakuwasumbua?" Gordon aliuliza.

"Tuliwasalimia kwanza," halmoni alijibu. "Tukaomba radhi. Wakatupisha."

Tangu hapo, sikukuu zikifika, waliwawekea wali na maji wale watu wasiowajua.

*

Gordon alipotaka kujenga, alitafuta kiwanja Migori, kwa kuwa ndiko wateja wake walikonunulia vipuri na ndiko Roseline alikokuwa akifundisha shule ya chekechea. Mahali palipokuwa wazi ni kilima kimoja ng'ambo ya mto, chenye mawe mengi na makaburi matatu ya zamani. Wajaluo huita mahali kama hapo *gunda*, boma lililohamwa na wenyewe. Mtu hujenga kwenye gunda la babu yake. La wageni haligusi.

Kabla ya kulipa alikwenda Ntimaru, akauliza duka kwa duka mpaka akampata Gisiri, Mkuria mfugaji, mjukuu wa wale waliolala pale. Alirudi akisema amewasalimia na wamempisha. Mzee Japheth hakutaka kusikia.

"Ruhusa ya mdomo ni upepo," alisema. "Na mimi siwezi kumpigia mwanangu dala juu ya mifupa ya watu."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mjaluo hawi na dala, yaani boma lake mwenyewe, mpaka baba yake au mkubwa wa baba yake amtangulie mahali hapo, yeye na mkewe wakifuata, mwana wao wa kwanza akiwa na shoka na jogoo, na moto umebebwa. Baba yao alikwisha kufa. Japheth ndiye aliyebaki, na alikataa. Gordon alijenga hivyo hivyo: vyumba vitatu vidogo, kila kimoja chini kidogo ya kingine, kuta za mawe zikiushika mlima, na hakuna kilichomzibia mwenzake. Vijana wa boda boda walipoisikia hadithi yake walikiita kilima kile Pusan, na jina likashika. Mvua za El Nino zilipofurika bondeni, watu wa chini walipanda wakalala kwake, na kuta hazikusogea. Lakini Mbita waliendelea kusema Gordon hana kwao. Na sasa alipokufa kabla ya kuota mvi, walisema gunda limemla.

*

Jumatano Mzee Japheth alifika, akasimama chini ya kilima na fimbo yake. Linet alishuka kumlaki.

"Waite washuke na vyombo," alisema. "Gari linangoja."

"Baba, hujapanda."

"Sina haja."

"Utamhamishaje mtu na hujafika kwake?" Linet alisema hivyo akiangalia chini, kwa heshima, lakini hakusogea njiani. "Hata mgeni hunywa uji kwanza. Ukishaona, ukisema tufunge, nitafunga mimi mwenyewe."

Mzee aliweka fimbo yake juu ya kidato cha kwanza. "Wewe ulisomeshwa sana," akasema, akaanza kupanda.

Ngazi zilikuwa za mawe, pana, na Gordon alikuwa ameweka mahali pa kupumzikia kila baada ya hatua chache. Mzee alipumzika pote. Kileleni Roseline alimpigia magoti, akamletea kiti nje na uji wa wimbi. Aliunywa polepole. Mbele yake yalionekana mabati ya Migori yote, mto, na moshi wa soko.

"Mbona hicho chumba cha chini amekifanya kifupi hivyo?"

"Ili walio huku juu waone," Roseline alijibu. "Ndivyo alivyoona kule."

"Nani analala huku juu?"

"Watoto, Baba. Yeye na mimi tulilala hicho kifupi."

Mzee aliweka kikombe chini. Kisha akaenda mwenyewe hadi kwenye makaburi. Mawe yalikuwa yamezungushwa vizuri na ardhi ilikuwa na alama mpya za ufagio.

"Nani anafagia?"

"Alikuwa yeye, kila Ijumaa kabla ya Sabato. Sasa ni mimi."

"Na mnawapa nini? Wali, kama wale wa ng'ambo?"

"Hatuwapi kitu. Kanisa letu haliruhusu. Tunawafagilia tu."

Wakiwa bado wamesimama pale, mtu mrefu aliyevaa blanketi alitokea kwenye ngazi akimkokota mbuzi. Nyuma yake, akihema, alikuja Mchungaji Mayaka.

"Mimi Gisiri wa Ntimaru," alisema kwa Kiswahili. "Wafanyabiashara wametuambia. Nimekuja kulia na nyinyi."

Mzee Japheth alimkazia macho. "Hawa hapa chini ni wako?"

"Babu yangu, nyanya yangu, na mtoto wao mmoja."

"Una neno gani na nyumba hii?"

"Nina neno," Gisiri alisema. Linet alishika mkono wa Roseline. "Sisi wajukuu tulikuwa hatuji hapa. Njia ni ndefu na ng'ombe hawana likizo. Huyu Gordon alikuja kwetu na furushi la samaki wakavu. Nikamwambia, mimi samaki sili, maana ananiangalia. Akacheka peke yake, kisha akasema, basi mpe mama yako, ila nipisheni nikae na babu yenu. Tangu siku hiyo kaburi la babu yangu halijaota nyasi. Neno langu ndilo hilo. Mkimpeleka Mbita, Mzee, nani atawafagilia?"

 Mzee Japheth alizunguka makaburi yote matatu, akainama, akaokota jani moja lililoanguka baada ya ufagio kupita, akalitupa nje ya mawe.

"Hata samaki mkavu anakuangalia?" akauliza.

"Huyo ndiye asiyefunga macho kabisa."

Mzee alicheka, na kicheko kikageuka kilio, akasimama akilia ameegemea fimbo, na hakuna aliyemgusa mpaka alipomaliza.

"Roseline," akasema. "Una jogoo?"

"Ninaye, Baba."

"Mwite mwanao wa kwanza, Oliver, alete shoka. Chukua moto jikoni. Wazee wa Mbita watanisema. Waniseme." Kisha akamgeukia Mchungaji. "Na wewe, mtu wa Mungu, utasemaje?"

Mchungaji Mayaka alijifuta jasho. "Mzee, jogoo kazi yake ni kuamsha watu. Sina ugomvi naye. Mkimaliza, mimi nitaomba."

Walishuka wote hadi chini, wakaanza upya. Mzee Japheth alitangulia. Roseline alimfuata na makaa katika chungu, kisha Oliver, shoka begani na jogoo akipapatika kwapani. Walipofika juu, mzee alionyesha mahali pa lango kwa fimbo yake, akatamka jina la Gordon, na kusema kwamba hapa ni kwake. Mchungaji akaomba.

*

Gordon alizikwa Jumapili. Walimleta kutoka Homa Bay asubuhi. Gari lilibaki chini, na wavulana wa boda boda wakalaza baiskeli zao kando ya njia, wakalibeba jeneza kwa zamu, wakipumzika pale pale alipokuwa ametengeneza pa kupumzikia. Kaburi lilichimbwa upande wa kulia wa nyumba, si mbali na yale matatu.

Kwaya iliimba nyimbo mbili. Linet aliimba sauti ya pili kama kawaida yake, na sauti ilipokatika wenzake waliendelea hadi alipoweza kurudi. Mchungaji alisoma juu ya wale walalao katika Bwana, ambao parapanda itawaamsha. Linet aliamini hivyo, na bado anaamini. Fundi mmoja wa Mbita alisema kwamba Gordon hakuwahi kumwacha mtu ufuoni na injini iliyokufa.  Roseline alishika mabega ya watoto.

Jeneza lilishushwa kwa kamba. Mzee Japheth alitia udongo wa kwanza, Roseline na watoto wakafuata, kisha Linet. Gisiri alitia wake, akarudi nyuma. Vijana wakafukia, wakapanga mawe kuzunguka. Watu walinawa mikono, wakala, wakashuka taratibu.

Walipokwisha kuondoka, Roseline alileta ufagio. Alifagia nyayo za watu kwenye lile kaburi jipya, akafagia na yale matatu. Linet alimshikia taa ya chemni mpaka alipomaliza, kisha wakaingia ndani kuwalaza watoto.