Mbuzi Wawili wa Tumasch

Kijitabu cha kanuni za uwindaji kilipofika mwezi wa nane, Jachen Rauch alikigeuza mara mbili karibu na dirisha na kutoa hukumu: safari hii wamepunguza herufi makusudi, ili mwindaji asiye makini anaswe. Mkewe, Barla, alimwambia herufi ni zilezile za mwaka jana. Jachen akamtazama kama anayemtazama mtu aliyekwisha kulishwa maneno na ofisi ya uwindaji.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Septemba iliyopita, juu ya kijiji chao katika bonde la Engadini, alimpiga paa jike wa milimani, akamshukia mwambani, akapapasa tumbo na vidole vikalowa maziwa. Jike anayenyonyesha ni marufuku kuuawa, na kule kwao mtu hafichi mzoga wa namna hiyo. Alimbeba mgongoni hadi kwa mlinzi wa wanyama, akajishitaki mwenyewe, akaandikiwa kosa, nyama ikachukuliwa. Kanuni mpya ilisema kosa la pili ndani ya miaka miwili ni kunyang'anywa leseni kwa miaka mitano. Jachen alikuwa na miaka sabini na moja. Kwake mitano ilikuwa na maana ya maisha.

Kwa hiyo alitaka darubini mpya. Ile ya zamani ndiyo iliyomponza, hakuwa na shaka. Vioo vilikuwa vimeingia ukungu.

Tumasch, mwenzake wa kuwinda kwa miaka thelathini, alijitolea kwenda mjini. Akarudi na darubini tatu za mkononi na moja ya kufunga juu ya bunduki, zote za kujaribiwa nyumbani. Mwenye duka hakutaka hata amana. Hapo ndipo Jachen alipoanza kunusa kitu.

"Tangu lini yule bahili anaazimisha watu?" aliuliza.

"Tangu alipochoka kukuona dukani kwake unanung'unika," Tumasch akamjibu, akivuta sahani ya nyama iliyokaushwa upande wake.

Jachen alianza na ile ya bunduki, akaigeuza, akagundua kifuniko cha betri. "Ehe. Umeme. Mwaka jana ruhusa, mwaka huu marufuku. Unataka mlinzi anikute nayo, kibanda chetu cha uwindaji kule juu kibaki chako peke yako?"

"Marufuku ni zile zinazopima umbali, bwana wee. Hii inawasha kidoa chekundu tu. Umesoma kweli hicho kijitabu?"

"Nimesoma chote."

Barla, aliyekuwa akikata keki ya jozi, hakuinua uso.

Wakatoka wote kibarazani, Barla akihamishia keki yake kwenye meza ya huko. Jachen alijaribu ya kwanza: ukungu. Ya pili: ukungu. Ya tatu, ambayo ilikuwa nzito na nzuri mkononi, nayo ikampa ukungu uleule, kama anatazama kupitia glasi ya maziwa. Akavifuta vioo kwa shati, ukungu ukabaki palepale, lakini mdomo ukawahi. "Yule bahili katupa mabaki ya ghalani. Zote mbovu."

"Zote tatu?"

"Mwizi haibi nusu."

Tumasch hakubisha, na hilo lilimtia Jachen wasiwasi zaidi, maana Tumasch hubisha hata kuhusu mvua inayomnyeshea. Alinyoosha kidole kwenye mteremko wa ng'ambo ya kijito. "Pale nimefunga mbuzi wangu wawili. Mmoja nimemkamua asubuhi, mwingine bado. Chukua hiyo nzito uniambie yupi amejaa."

Jachen aliona mawaa mawili, moja jeupe, moja la kahawia. Alitazama muda mrefu. Aliyekuwa ameshuku herufi, duka, betri na vioo hakukumbuka kushuku swali.

"Wa kushoto," akasema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. "Kiwele kinaning'inia."

Barla aliweka kisu mezani.

"Nenda kamfungue," Tumasch akasema taratibu.

Jachen alishuka, akavuka daraja la mbao, akapanda. Yule mweupe alimnusa mfukoni. Mzee akapiga goti, akapitisha mkono chini ya tumbo kama alivyofanya mwambani mwaka jana. Hapakuwa na kiwele. Alipapasa na wa kahawia. Wote wawili walikuwa madume waliohasiwa.

Alirudi akiwavuta kwa kamba, uso umemshuka. Alikuwa amehisi mtego tangu asubuhi, na kweli mtego ulikuwapo, lakini kujua hivyo hakukumpa raha yoyote.

"Mwaka jana ulikuwa karibu nami," alimwambia Tumasch. "Wewe ulimwona yule jike?"

"Nilimwona, na mtoto wake nyuma ya jiwe. Nilidhani na wewe umemwona, unangoja tu wapite. Ndiyo maana sikusema." Tumasch aliangalia mikono yake. "Mwaka mzima silali vizuri, Jachen."

Jachen alikaa kwenye benchi. Hakuwa amejua kwamba mtoto alikuwa palepale mpaka dakika ile.

"Daktari wa macho yule wa hospitali ya bondeni," akasema baadaye, "anafungua saa ngapi?"

"Jumanne, saa tatu," Barla akasema. "Nimekuandikisha tangu Juni."

"Kwa hiyo mmenitega wawili."

"Watatu," Tumasch akamsahihisha. "Mwenye duka naye."

Jachen alichomoa kijitabu mfukoni, akampa mkewe. "Nisomee. Kuanzia mwanzo. Na usiruke kitu, nitajua."

Barla akasoma. Alipofika kwenye kanuni ya paa majike wenye watoto, Jachen alimwomba arudie, kisha akaisukuma darubini nzito hadi mbele ya Tumasch.

"Hii ichukue wewe," akasema. "Septemba hii mimi nitabeba chakula."